Mlanguzi Hula Haraka ya Mnunuzi

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Maana yake ni kuwa binadamu hukifurahia kitu kipya kwa sababu ya upya wake, hata kama kitu hicho kitamletea maumivu baadaye. Methali hiyo ilitungwa kabla ya umeme kuingia majumbani, lakini leo inathibitika waziwazi katika biashara ya vyombo vya umeme vya nyumbani: simu za mkononi, kompyuta na mitambo ya michezo ya televisheni. Mtambo mpya hutangazwa dunia nzima kwa siku moja. Mamilioni ya watu huutaka siku hiyo hiyo. Viwanda navyo huwa vimetengeneza michache kuliko idadi ya wanaoitaka. Hapo ndipo anapojitokeza mtu wa tatu, ambaye hakuutengeneza mtambo wala hana haja ya kuutumia, akaununua kwa wingi ili auuze kwa bei maradufu. Mtu huyo kwa Kiswahili huitwa mlanguzi.

Si busara kudhani kwamba habari hizi zinawahusu matajiri wa nchi za mbali tu. Mshahara wa mfanyakazi, awe askari, mwalimu au karani, una mwisho wake, na mtoto anayelilia mtambo aliouona kwa jirani haujui mwisho huo. Kwa hiyo inafaa kila nyumba ifahamu jinsi uhaba wa namna hii unavyotokea, jinsi mlanguzi anavyofanya kazi, na ni nini hasa kilichomshinda mahali aliposhindwa.

SIKU MTAMBO ULIPOTOLEWA

Mfano ulio wazi kuliko mingine ni wa mtambo uitwao PlayStation 5, uliotengenezwa na kampuni ya Sony ya Japani. Ni sanduku linalounganishwa na televisheni, ambalo vijana, na wazee wao pia, hulitumia kuchezea michezo ya picha zinazokwenda. Mtambo huo ulianza kuuzwa Japani, Marekani na nchi nyingine chache tarehe 12 Novemba 2020, na nchi nyingi nyingine tarehe 19 ya mwezi huo. Bei ya Marekani ilikuwa dola 499.99 kwa mtambo wenye sehemu ya kutia sahani, na dola 399.99 kwa usio na sehemu hiyo.

Mwaka huo dunia ilikuwa katika maradhi ya korona. Nchini Japani kampuni ilitangaza kwamba siku ya kwanza mtambo hautauzwa madukani kwa mkono, bali kwa njia ya intaneti peke yake, ili watu wasisongamane. Jambo hilo lilikuwa la busara kwa upande wa afya. Lakini kwa upande wa haki ya mnunuzi lilimfungulia mlanguzi mlango. Katika foleni ya barabarani mtu mmoja ana miguu miwili, naye anasimama mahali pamoja. Katika foleni ya intaneti mtu mmoja anaweza kusimama mahali elfu kwa wakati mmoja.

Anafanya hivyo kwa msaada wa programu za kompyuta zijulikanazo kama roboti. Roboti ya namna hii haina mikono wala kichwa. Ni maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iuchungulie ukurasa wa duka usiku na mchana bila kuchoka, na mara tu bidhaa inapowekwa, iinunue kwa nukta chache kabla ya binadamu kumaliza kuandika jina lake. Kampuni ya Walmart, ambayo ni miongoni mwa wenye maduka makubwa kabisa duniani, ilieleza kwamba katika mauzo yake ya tarehe 25 Novemba 2020 ilizuia majaribio ya roboti zaidi ya milioni 20 katika nusu saa ya kwanza tu. Huko Uingereza, kundi moja la walanguzi lilijigamba hadharani kuwa limejipatia mitambo karibu 3,500. Baba aliyekaa mbele ya kompyuta yake tangu alfajiri, kadi ya benki mkononi, hakuwa akishindana na baba mwenzake. Alikuwa akishindana na mashine.

Siku hiyo hiyo mitambo ile ilionekana katika minada ya intaneti, mingine kwa bei iliyokaribia dola 1,000. Aliyekuwa na fedha na asiyeweza kungoja alilipa. Asiyekuwa nazo alibaki na mtoto wake na maelezo yasiyoeleweka.

KWA NINI MITAMBO ILIKUWA MICHACHE

Wengi walidhani kwamba kampuni iliificha mitambo kwa makusudi ili ijitangaze. Dhana hiyo haifai kukubaliwa upesi. Kufikia tarehe 31 Desemba 2020, Sony ilikuwa imekwisha kupeleka sokoni mitambo milioni 4.5, idadi ambayo si ya mtu afichaye. Uhaba ulikuwa wa kweli, na chanzo chake kilikuwa katika kitu kidogo kuliko ukucha.

Ndani ya kila chombo cha umeme cha kisasa mna vipande vidogo vya silikoni viitwavyo chipu, ambavyo ndivyo akili na mishipa ya chombo. Chipu kuu ya PlayStation 5 ilibuniwa na kampuni ya AMD ya Marekani, ikatengenezwa na kampuni ya TSMC katika kisiwa cha Taiwan. Kiwanda hicho hicho kilikuwa kikitengeneza chipu za mitambo ya Xbox ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa tarehe 10 Novemba 2020, pamoja na chipu za simu na kompyuta za makampuni mengi mengine. Kutengeneza chipu moja, tangu silikoni ikiwa tupu mpaka itakapokuwa tayari, huchukua miezi. Kujenga kiwanda kipya huchukua miaka na mabilioni ya dola. Kwa hiyo mahitaji yakipanda ghafula, hakuna awezaye kuongeza mazao kesho yake, kama vile mkulima asivyoweza kuvuna mahindi wiki aliyoyapanda.

Na mahitaji yalipanda ghafula kweli. Mwaka 2020 watu walifungiwa majumbani, wakanunua kompyuta za kufanyia kazi na za kusomeshea watoto, na mitambo ya kuwaliwaza. Viwanda vya magari, vikidhani kwamba biashara itakufa, vilifuta maagizo yao ya chipu. Biashara iliporudi mapema kuliko walivyotazamia, walikuta nafasi zao zimekwisha kuchukuliwa na wengine. Mwaka 2021 misiba ikafuatana. Mwezi wa Februari baridi kali ilikata umeme katika jimbo la Texas, na viwanda vya chipu vya mji wa Austin vikasimama. Tarehe 19 Machi moto ulizuka katika kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Taiwan ilipatwa na ukame mkali ambao haukuonekana kwa zaidi ya nusu karne, na viwanda vya chipu, ambavyo hunywa maji mengi, vililazimika kuletewa maji kwa malori. Mwezi huo huo wa Machi meli ya Ever Given ilikwama katika mfereji wa Suez, ikaziba njia ya bidhaa kwa siku sita.

Hali ikawa hivyo pia kwa kadi za picha, yaani vipande vya kompyuta vinavyochora picha za michezo. Kadi ya RTX 3080 ya kampuni ya Nvidia ilitolewa tarehe 17 Septemba 2020 kwa dola 699, ikamalizika mara moja, na kampuni ikawaomba radhi wanunuzi. Hapo waligombania kadi si wachezaji na walanguzi tu, bali pia watu waliozitumia kuchimba sarafu za kidijitali, ambao kila kadi kwao ilikuwa kama jembe la kulimia fedha.

Jambo la kukumbuka ni hili: mlanguzi hauanzishi uhaba. Huukuta. Lakini akiukuta huuongezea ukali, kwa sababu bidhaa ambazo zingefika nyumba mia moja huzifungia katika chumba kimoja.

FAIDA ILIYOACHWA MEZANI

Mtu mwenye kufikiri atauliza: kama watu walikuwa tayari kulipa dola 1,000, kwa nini kampuni yenyewe haikuuza kwa bei hiyo, ili faida iende kwa aliyefanya kazi badala ya kwenda kwa mlanguzi?

Jibu lake liko katika tabia ya biashara ya michezo. Kampuni haitegemei faida kubwa katika mtambo wenyewe. Sony ilieleza mwezi wa Agosti 2021 kwamba mtambo wake wa dola 499 ulikuwa hauuzwi tena kwa hasara, maana yake ni kwamba mwanzoni ulikuwa ukiuzwa kwa hasara. Faida hupatikana katika michezo ambayo mwenye mtambo atainunua mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mtambo ni mlango, na mwenye duka hapendi mlango uwe wa ghali, maana asiyeingia hatanunua kitu. Mtambo uliokaa katika boksi chumbani kwa mlanguzi ni mlango uliofungwa. Haumnufaishi aliyeutengeneza, wala aliyetaka kuutumia.

Basi kati ya bei ya duka na bei ambayo mtu mwenye haraka yu radhi kulipa kunabaki pengo. Pengo hilo ndilo shamba la mlanguzi. Hakulilima wala hakulipalilia, lakini huvuna. Cha mlevi huliwa na mgema, na ulevi wenyewe hapa ni ulevi wa kutaka kuwa wa kwanza.

FOLENI, MAYAI NA BUNDUKI

Ulanguzi wa vyombo hivi haukuanza mwaka 2020. Mwaka 2000, Sony ilipotaka kuuza PlayStation 2 nchini Marekani, ilipungukiwa na vipande, ikapeleka mitambo 500,000 siku ya kwanza badala ya milioni moja iliyokuwa imeahidi. Bei ya duka ilikuwa dola 299, lakini katika minada ya intaneti ilipanda mara nyingi zaidi. Mwezi wa Novemba 2006, PlayStation 3 ilipotolewa, watu walilala nje ya maduka kwa siku kadhaa. Katika mji wa Putnam, jimbo la Connecticut, wezi wenye silaha waliwavamia waliokuwa katika foleni usiku, wakijua kwamba kila mmoja wao ana fedha taslimu mfukoni, na mtu mmoja aliyekataa kutoa fedha zake alipigwa risasi. Kila askari anafahamu kwamba mkusanyiko wa watu wenye fedha, mahali palipotangazwa, kwa saa iliyotangazwa, ni mwaliko kwa mhalifu.

China nayo ina jina lake kwa walanguzi. Huwaita huangniu, yaani ng'ombe wa manjano. Tarehe 13 Januari 2012 simu ya iPhone 4S ilipaswa kuanza kuuzwa katika duka la Apple mtaa wa Sanlitun, mjini Beijing. Usiku kucha umati ulisimama katika baridi, na wengi wao hawakuwa wanunuzi bali vibarua waliokodiwa na walanguzi ili washike nafasi. Kulipopambazuka, duka liliogopa fujo na halikufunguliwa. Watu waliokasirika walitupa mayai kwenye vioo vyake, na kampuni ikasimamisha uuzaji wa simu hiyo katika maduka yake ya Beijing na Shanghai. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: vibarua waliambulia baridi, wanunuzi wa kweli wakakosa simu, na aliyekwisha kuhifadhi simu zake mahali pengine akapandisha bei.

Mwezi wa Januari 2021, katika duka moja la mtaa wa Akihabara mjini Tokyo, watu waliokuja kununua PlayStation 5 walisukumana hata polisi wakaitwa na mauzo yakakatizwa.

Mahali penye ulanguzi, utapeli hauko mbali. Nchini Uingereza, mwishoni mwa mwaka 2020, wako wanunuzi waliolipia mtambo kwa bei ya haki, wakafungua kifurushi na kukuta mfuko wa mchele au chakula cha paka, maana mtambo ulikuwa umeibwa njiani. Wengine, katika minada, walilipa mamia ya dola kwa tangazo lililosema kwa maandishi madogo kwamba kinachouzwa ni picha ya mtambo au boksi tupu. Mtu mwenye haraka hasomi maandishi madogo.

SHERIA ZILIFIKA WAPI

Serikali kadhaa zilijaribu kulitazama jambo hili. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 2016 inayokataza roboti kununua tiketi za michezo na muziki. Mwaka 2021 wabunge wake walileta muswada wa kuieneza sheria hiyo kwa bidhaa nyingine, lakini haukupita. Huko Uingereza mbunge Douglas Chapman alileta hoja bungeni mwezi wa Desemba 2020, na baadaye muswada, akitaka mitambo iliyonunuliwa kwa roboti isiruhusiwe kuuzwa tena kwa bei ya juu. Nao haukuwa sheria.

Japani inatoa funzo la pekee. Mwaka 1973, bei ya mafuta ya petroli ilipopanda duniani, akina mama wa Japani walikimbilia madukani kununua karatasi za chooni kwa hofu kwamba zitakwisha, na kwa hofu hiyo hiyo zikaisha kweli. Mwaka huo serikali ikatunga sheria ya dharura ya kulinda maisha ya wananchi wakati wa uhaba. Sheria hiyo ililala kwa miaka mingi, ikaamshwa mwezi wa Machi 2020 ili kukataza kuuza tena barakoa kwa faida, kwa adhabu ya kifungo kisichozidi mwaka mmoja au faini isiyozidi yeni milioni moja. Mwezi wa Juni 2025 iliamshwa tena kwa ajili ya mchele. Lakini haikuamshwa kwa ajili ya PlayStation. Serikali ilipambanua kati ya haja na hamu. Barakoa na mchele ni haja, nayo iliilinda kwa kifungo. Mtambo wa michezo ni hamu, na hamu kila nyumba imeachiwa ijilinde yenyewe.

Nchi za Afrika Mashariki nazo hazikosi kumbukumbu zao. Nchini Uganda, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, sukari, chumvi na sabuni viliadimika, na neno magendo likawa katika kila kinywa. Amri ya mwaka 1975 iliunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, yenye adhabu kali mno, lakini magendo hayakwisha. Nchini Tanzania, mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliongoza msako mkubwa dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na wako waliotupa bidhaa zao vichakani kwa hofu ya kukamatwa nazo. Msako uliwatia walanguzi woga, lakini haukuweza wenyewe kuzalisha sabuni wala betri za redio. Aliyeishi siku hizo anajua kwamba kumwadhibu anayeficha bidhaa ni jambo moja, na kuzijaza rafu ni jambo la pili. La kwanza bila la pili halidumu.

KILICHOMSHINDA MLANGUZI

Hata mlanguzi wa PlayStation 5 alishindwa kwa kujazwa rafu. Kufikia mwezi wa Julai 2021 mitambo milioni 10 ilikuwa imeuzwa. Mwezi wa Januari 2023 Sony ilitangaza kwamba imepita milioni 30, na kwamba sasa kila aupendaye mtambo ataupata kwa urahisi. Mwezi wa Desemba 2023 ikafika milioni 50. Mtambo ulipokuwa ukionekana dukani mchana kweupe, nani tena angempigia mlanguzi hodi? Kadi za picha nazo zilishuka bei mwaka 2022, na tarehe 15 Septemba mwaka huo sarafu ya Ethereum ilibadilisha mwendo wake, ikawa haihitaji tena kuchimbwa kwa kadi hizo.

Makampuni nayo yalijifunza. Baadhi ya maduka ya Japani yalianza kufungua maboksi na kuyatia alama mbele ya mnunuzi, ili mtambo usiweze kuuzwa tena kama mpya. Kampuni ya Nintendo ilikwenda mbali zaidi ilipotoa Switch 2 tarehe 5 Juni 2025. Katika duka lake la intaneti nchini Japani haikuuza kwa kuwahiana, bali kwa bahati nasibu, na aliyetaka kuingia alipaswa kuwa amecheza mtambo wa zamani kwa saa zisizopungua 50 na kuwa mwanachama wa huduma yake kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Roboti inaweza kubofya upesi, lakini haiwezi kurudi nyuma mwaka mzima ikawa mchezaji. Aidha, mtambo wa bei nafuu wa Japani, wa yeni 49,980, ulitengenezwa kwa lugha ya Kijapani peke yake, ili usinunuliwe kwa wingi na kuuzwa nje. Waombaji walikuwa takriban milioni 2.2, wengi kuliko mitambo iliyokuwapo, na wako waliokosa. Lakini waliokosa walijua kwamba wamekosa kwa kura. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa imetengeneza mingi kabla ya siku ya kwanza, mitambo milioni 3.5 iliuzwa duniani kwa siku nne.

Kwa upande wa familia, silaha ilikuwa ni moja tu, nayo haikugharimu kitu: kungoja. Waliongoja mpaka mwaka 2023 waliupata mtambo kwa bei ya duka, pamoja na michezo mingi ambayo haikuwapo mwaka 2020. Ni kweli kwamba kungoja nako si bure daima. Mwezi wa Agosti 2022 Sony ilipandisha bei katika nchi nyingi, na huko Uingereza mtambo wa pauni 449.99 ukawa wa pauni 479.99. Lakini pauni 30 za kungoja si sawa na mamia ya pauni za haraka.

Mfano wa Nintendo wa mwaka 2016 unathibitisha hayo. Kampuni ilitoa mtambo mdogo wa kumbukumbu, NES Classic, kwa dola 60, ukaadimika, na mwezi wa Aprili 2017 ikatangaza kwamba haitaupeleka tena Marekani. Walanguzi wakashangilia, na wengi waliokata tamaa wakalipa bei zao. Mwezi wa Juni 2018 mtambo ule ule ukarudi madukani kwa bei ile ile ya dola 60.

MASHAURI KWA KILA NYUMBA

Baba na mama wanaofikiria kununua chombo kipya cha umeme, iwe simu, televisheni au mtambo wa michezo, watafanya vema wakizingatia haya.

Kwanza, waulizane kama chombo hicho ni haja au ni hamu. Simu ya mfanyabiashara iliyoharibika ni haja. Simu mpya kwa sababu ya mwaka mpya ni hamu, na hamu ina subira ikifundishwa.

Pili, waijue bei ya kiwanda kabla ya kutoka nyumbani. Bei hiyo hutangazwa hadharani. Ushuru na usafiri huiongeza kwa haki, lakini mwuzaji akitaka maradufu bila ya kueleza sababu, basi huyo anauza haraka yao.

Tatu, wasilipe fedha kwa picha. Chombo kionekane, kiwashwe, na namba zake zilinganishwe na zile za kwenye boksi. Mwuzaji atoe stakabadhi yenye jina lake. Anayekataa kuandika jina lake kwenye karatasi ana sababu yake.

Nne, chombo kilichonunuliwa kwa mlanguzi mara nyingi hukosa dhamana. Kikiharibika mwezi wa pili, duka halitakipokea, na mlanguzi atakuwa amekwisha kubadilisha namba ya simu.

Tano, aliye mbali kikazi na anayetuma fedha nyumbani asikubali kusukumwa na maneno ya kwamba vimebaki viwili tu. Amtume ndugu anayemwamini akakione chombo kwa macho yake.

Sita, mtoto aambiwe ukweli. Mtoto akiambiwa kwamba mtambo utanunuliwa utakapofika kwa bei yake, na fedha zikawekwa kidogo kidogo mbele ya macho yake, atajifunza hesabu na subira kwa pamoja. Akinunuliwa kwa mkopo, kwa bei ya mlanguzi, atacheza siku ile, lakini ada ya shule ya muhula unaofuata ndiyo itakayolipa mchezo huo.

Mlanguzi huhesabu siku kuliko mtu mwingine yeyote. Anajua kwamba kila lori linalotoka kiwandani linapunguza thamani ya maboksi aliyoyarundika chumbani, na kwamba akikawia nayo sana atayauza kwa hasara. Kwa hiyo ni yeye hasa mwenye sababu ya kuharakisha. Nyumba inayolifahamu hilo inaweza kumwachia haraka yake, ikaziweka fedha zake mahali salama, na kwenda dukani siku ambayo mtambo umepangwa rafuni kwa bei yake halali.